Wa Miguuni

Kuna kuitwa na kuna kuitwa. Ukiitwa mezani unanawa mikono. Ukiitwa na Baraza la Wauguzi, mikono inajinawa yenyewe kwa jasho. Barua ilisema afike Jumatano saa nne asubuhi, chumba namba kumi na mbili, aje na kitambulisho na nakala ya fomu ya usajili. Sababu ya wito ilikuwa mstari mmoja tu, umepigwa chapa kwa wino uliofifia: kutoa maelezo kuhusu mgonjwa wa pili.

Nesi aliisoma amesimama jikoni, chai ikimwagikia jiko. Akaisoma tena. Katika mtihani wa vitendo aliofanya wiki iliyopita kulikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na juu ya kitanda sanamu moja ya mpira iliyovaa pajama ya buluu. Sanamu ile ilipumua kwa mashine, ilitoa jasho kwa mashine, na ilipoulizwa inaumwa wapi ilijibu kwa spika iliyofichwa shingoni. Watahiniwa waliibatiza Bwana Mpira. Alikuwa peke yake. Hakukuwa na mgonjwa wa pili.

Jengo zima alimoishi lilimwita Nesi, na kila walipomwita alihisi kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Alisomea uuguzi kwao, akafanya kazi wodini miaka saba, akaja nchi hii na vyeti vyake kwenye bahasha ya plastiki. Tangu afike hakuruhusiwa hata kumfunga mtu bandeji. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, huku bahasha zenye lakiri zikienda na kurudi baina ya chuo chake na Baraza. Mtihani wa lugha alipita. Mtihani wa kuandika alipita. Ulibaki huu wa vitendo, na nyuma yake kanuni iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki: anayeomba usajili lazima awe amewahi kuuguza ndani ya miaka mitano iliyopita. Miaka mitano ya Nesi ilikuwa inaisha tarehe thelathini ya mwezi huu. Ikipita hiyo, vyeti vyote vinageuka karatasi za kufungia karanga, naye anaanza chuo mwaka wa kwanza, pamoja na wasichana ambao hawajashika sindano.

Siku aliyoisoma barua ilikuwa tarehe tano.

*

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, mwanamume mpole aliyefunga tai fupi kuliko tumbo lake. Karani aliyeandika kila neno. Na yule mtahini aliyekuwa naye chumbani siku ya mtihani, mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, muuguzi wa miaka arobaini, ambaye watahiniwa walimwogopa kwa sababu hakuwahi kutikisa kichwa, si kwa ndiyo wala kwa hapana.

Mwenyekiti alimsogezea chati. Nesi aliutambua mwandiko wake mara moja, zile tarakimu za saba zenye kijistari katikati. Mstari wa kwanza: presha, mapigo, joto, pumzi kumi na sita kwa dakika. Sawa. Mstari wa pili, kwa mwandiko uleule, wino uleule: Wa miguuni. Pumzi ishirini na nane, za juujuu. Aangaliwe.

Alikumbuka kuandika. Hilo ndilo lililomtisha: alikumbuka kabisa, kama mtu anavyokumbuka kwamba alifunga mlango asubuhi, wala hakuona ajabu yoyote wakati ule.

Ikabidi aeleze. Alieleza kwamba wodi aliyofanyia kazi ilikuwa na vitanda ishirini na wagonjwa arobaini. Kila kitanda kililaza wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kama viatu ndani ya boksi. Mmoja aliitwa wa kichwani, mwingine wa miguuni, na muuguzi hakuondoka kwenye kitanda kabla ya kuwahesabu pumzi wote wawili. Chati ilikuwa na mistari miwili kwa kila kitanda. Mkono unakwenda kwa wa kichwani, kisha unakwenda kwa wa miguuni, macho kwenye saa. Miaka saba. Mkono ulijua njia bila kuelekezwa.

Mwenyekiti alishusha pumzi kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni. "Sasa nimeelewa. Kwa hiyo hukumhesabu mtu. Uliandika kwa mazoea."

Hapo ndipo pa kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeandaliwa, limepakuliwa, limewekwa mbele yake. Kazi yake ilikuwa kufungua mdomo tu.

"Nilihesabu," alisema Nesi.

Kalamu ya karani ikasimama.

"Ulihesabu nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Pumzi."

"Za nani, mama?"

Nesi aliutazama mkono wake wa kulia. Mama mwenye mvi, ambaye hakuwa ametia neno tangu mwanzo, aliinua macho.

"Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Upande wa miguu. Juu ya blanketi, pale ambapo godoro linabaki wazi."

Yule mama aliitazama chati muda mrefu. Halafu akaigeuza, akaangalia nyuma yake, kana kwamba upande ule kulikuwa na kitu kimesalia. Akairudisha mezani.

Mwenyekiti akaeleza kwa upole, akihesabu kwa vidole. Kidole cha kwanza: mtahiniwa ameandika namba ambayo hakuipima. Hiyo katika kazi yetu ni dhambi kuu, watu huzikwa kwa namba za kubuni, na anayefanya hivyo hasajiliwi. Kidole cha pili: mtahiniwa amepima kitu ambacho hakipo. Hapo hakuna dhambi, ila lazima apelekwe kwa daktari wa akili, na foleni ya huko ni wiki sita. Kidole cha tatu: mazoea. Mtahiniwa alishikwa na hofu, mkono ukafanya kama ulivyozoea. Huyo anarudia mtihani mara moja, kabla mwezi haujaisha.

"Niandikie ukurasa mmoja, uufikishe Jumatatu," alisema. Hakumwambia achague kipi, lakini vile vidole viwili alivikunja, akabaki ameusimamisha wa tatu mbele ya uso wake.

*

Nyumbani walikuwa wanne: Nesi, mume wake mpaka rangi wa nyumba za watu, binti yao Kidoti wa miaka mitano, na dada wa mume, msusi, aliyelala sebuleni na kulipa nusu ya kodi. Wifi huyu alikuwa na ulimi ulionolewa pande zote mbili. Alisikiliza mkasa mzima akichambua rasta, na ulipofika mwisho akasema kwamba amewahi kusikia watu wameshindwa mtihani kwa mgonjwa mmoja, lakini mtu kujiongezea wa pili bure, bila kuombwa, hiyo ni mara ya kwanza.

"Na mshahara wake ulipe wewe, wifi," akaongeza. "Maana umemwajiri mwenyewe."

Mume alicheka, kisha akaona uso wa mkewe, akaacha. Yeye kwake jambo lilikuwa jepesi kama kufuta vumbi: andika mazoea, rudia, pita, maisha yaende. Alilisema hilo wakati wa kula, akalirudia akiosha vyombo, akalirudia tena akimvua Kidoti viatu. Ndoo za rangi zilikuwa zimemharibu mgongo. Alikuwa akilala sakafuni siku mbili kwa wiki. Kazi ya Nesi ndiyo ingewatoa pale. Hakuitamka hiyo, na kwa kutoitamka aliisema zaidi.

Jioni hiyohiyo, mtoto akiwa anachora mezani, alimfuata mkewe dirishani. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli alihesabu.

"Kweli."

"Sanamu, Mama Kidoti. Mpira."

"Wa kichwani ndiye mpira. Sijui wa miguuni ni nani. Namba naijua, lakini."

Ndipo alipomwambia kitu ambacho kwa miaka mitano hakumwambia mtu. Siku yake ya mwisho wodini, saa sita mchana, waliletewa msichana aliyelazwa miguuni kwenye kitanda cha sita. Pumzi ishirini na nane, za juujuu. Zamu ya Nesi ilikwisha saa nane, wa kumpokea akachelewa, na gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa nje likipiga honi, mume huyuhuyu akiwa ndani na mtoto mchanga mapajani. Nesi aliandika kwenye chati, Aangaliwe, akaning'iniza chati kitandani, akaondoka. Hakumkabidhi mtu. Huyo msichana alipona au hakupona, hajui mpaka leo. Jina lake hakuwahi kuliuliza.

Mume aliikumbuka honi; alikuwa amemwambia dereva aipige.

"Usiwaandikie hayo," alisema mwishowe. "Tafadhali. Watakupeleka kwenye wiki sita."

*

Ijumaa Nesi alikuwa kazini. Nyumba ya wazee ilikuwa na ghorofa mbili, na chumba cha kufulia kilikuwa chini, chenye mashine nne zilizozunguka kutwa kama watu wasio na usingizi. Kazi yake ilikuwa kufua, kukausha, kukunja, kupeleka. Kutandika aliruhusiwa. Kumgusa mzee hakuruhusiwa; akiona jambo, anabonyeza kengele na kumsubiri mwenye leseni. Mara moja aliwahi kumpima bibi mmoja mapigo kwa vidole viwili tu, na msimamizi akamwita pembeni akamkumbusha, mbele ya wapishi, kwamba yeye ni wa mashuka.

Adhuhuri alipanda na toroli hadi chumba cha tisa. Bibi wa chumba hicho alikuwa mdogo wa mwili, amekaukia kitandani, akili yake inakuja na kuondoka kama redio ya betri chovu. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Nesi alisalimia, akaomba ruhusa, akavuta shuka la chini taratibu bila kumsumbua, kama walivyofundishwa, upande mmoja kwanza.

Bibi alikuwa akitazama miguu ya kitanda.

"Mwambie asogee kidogo," alisema. "Ananibana."

Nesi alitabasamu kwa mazoea ya kazi. Akamwambia, bibi, uko peke yako, kitanda chote chako.

"Nakuambia ananibana. Ana miguu ya baridi." Halafu akamgeukia, macho yakiwa safi kabisa, macho ya mtu mwenye akili zake timamu. "Wewe si ndiye umekuja naye?"

Nesi alibaki ameshika ncha ya shuka. Kwenye korido kuna mtu alikuwa akisukuma toroli la chakula, vijiko vikigongana. Akaweka kiganja pale mwisho wa godoro. Palikuwa na joto. Shuka lilikuwa limetoka kwenye mashine ya kukaushia muda si mrefu, alijiambia, na shuka kutoka kwenye mashine ni lazima liwe na joto. Lakini shuka lile jipya lilikuwa bado kwenye toroli. Lililokuwa chini ya mkono wake ni lile la zamani.

Hakuhesabu. Alijikataza. Alitandika haraka, pembe nne, akamfunika bibi hadi kifuani, akatoka. Alipofika mlangoni akasikia bibi akisema na mtu, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba haya basi, tulale hivyohivyo, nafasi ipo.

*

Jumapili mchana alikaa mezani na karatasi. Kidoti alikuwa chini ya meza akiongea na penseli zake. Nesi aliandika ukurasa wa kwanza, wenye kitanda cha sita na msichana na honi, wenye kila kitu. Ulikuwa ukurasa mzuri, na kila neno lake lilikuwa kweli. Akausoma kwa macho ya mwenyekiti, akaona kidole cha pili kikiinuka. Akautia kwenye mfuko wa nguo.

Wa pili ulikuwa mistari saba. Aliandika kwamba alipofanyia kazi kila kitanda kililaza wawili, kwamba mkono wake umezoea hivyo, na kwamba anaomba kurudia. Neno mazoea aliliandika mara mbili. Halikuwa uongo. Ila alijisikia kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka usoni wakati bado anapumua.

Alitia sahihi. Mume, aliyekuwa akijifanya anatengeneza bawaba ya kabati, aliacha kujifanya.

Baraza likajibu baada ya siku tisa: arudie mtihani tarehe ishirini na sita, saa tatu asubuhi. Mara moja tu. Asipopita, maombi yafungwe.

Siku moja kabla, wifi alisema hawezi kumwacha aende kwa watu na kichwa kama kiota. Akamkalisha chini chumbani, akaanza kumsuka. Kwa kawaida wifi husuka akiwa amekaa mwisho wa kitanda, magoti wazi, anayesukwa katikati. Leo alisuka amesimama. Alimaliza upande wa kushoto, miguu ikimuuma, akabadilisha mguu kama kuku, lakini kukaa hakukaa.

"Wifi, kaa basi," Nesi alimwambia. "Kitanda hicho hapo."

"Niko sawa."

"Unaumia."

Wifi alivuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko inavyostahili. Kisha, yeye mwenye ulimi mkali, akauliza kwa sauti ambayo Nesi hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayeuliza kama mbwa amefungwa.

"Kwani yupo?"

Nesi alifikiri amcheke, akashindwa. Alimjibu kwamba hajui, na kwamba kama yupo, ni mgonjwa. Mgonjwa hamdhuru mtu. Anataka kuangaliwa tu.

Wifi akasuka mistari miwili zaidi. Halafu akakohoa, akasema kwa lugha yake ya siku zote, "Basi kesho nenda ukamwangalie huko huko, huku tumeshajaa." Lakini alipomaliza, alikunja shali yake nzuri, ile ya harusini, akaiweka mwisho wa kitanda, palepale.

*

Chumba cha mtihani kilikuwa kilekile. Kuta nyeupe, taa nyeupe, harufu ya mpira mpya. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo cheusi, na nyuma yake alikaa fundi wa mitambo, aliyempa Bwana Mpira homa na sauti. Mama mwenye mvi alikuwa pembeni na ubao wake wa kuandikia. Alimpa Nesi kadi, akabonyeza saa. Dakika kumi na tano.

Kadi ilisema: mwanamume, miaka hamsini na nne, ametoka kwenye upasuaji wa tumbo saa mbili zilizopita. Nesi alinawa mikono, akajitambulisha, akaangalia jina kwenye mkono wa mpira. Alikuwa ameapa tangu usiku wa jana kwamba mkono wa kulia hautaenda mahali. Aliuweka nyuma, kiunoni, kama mtu anayeficha zawadi.

"Nasikia kizunguzungu, nesi," ilisema shingo ya Bwana Mpira.

Akatazama skrini. Presha themanini na mbili kwa hamsini, na inashuka. Mapigo mia na ishirini na nne. Pumzi ishirini na mbili. Akabonyeza kengele ya msaada, akasema kwa sauti anachokifanya, kama inavyotakiwa: anaangalia kidonda, bandeji ina damu, anaweka oksijeni, anakagua dripu. Vyote kwa mkono mmoja na nusu. Kisha ikaja hatua ambayo hakuna muuguzi anayeweza kuiruka: kugusa vidole vya miguu, kuona kama damu inafika.

Mkono wa kulia ukaenda. Ukagusa vidole vya mpira, baridi, kama ilivyopangwa. Na ulipokuwa unarudi ukapita juu ya blanketi, pale ambapo godoro linabaki wazi.

Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka.

Kidogo sana, na haraka, kama kifua cha mtoto aliyepanda ngazi mbio. Nesi aliangalia saa ya ukutani bila kutaka. Sekunde kumi na tano: tisa. Mara nne. Thelathini na sita. Ilikuwa ishirini na nane, sasa ni thelathini na sita. Hakuwa anaogopa tena. Hilo alilishangaa baadaye, siyo wakati ule. Muuguzi akishajua namba, hofu inapisha, inabaki kazi. Huyu hapati hewa, alijiambia. Huyu kalala chali, kichwa chini, anazama.

Mbele yake, skrini ikashuka: themanini. Sabini na nane.

"Nesi, naondoka," alisema Bwana Mpira.

Wawili, na mikono miwili. Wa kichwani anataka miguu iinuliwe, damu irudi moyoni. Wa miguuni anataka kichwa kiinuliwe, kifua kipate nafasi. Kwa hesabu ya wodi ya kitanda kimoja, mgonjwa mmoja, hilo ni fumbo la kumvunja mtu. Lakini Nesi hakusomea kwenye wodi hiyo. Kwao vitanda vilipandishwa kwa mkono, kwa mpini uliogoma, na wauguzi wazee walimfundisha kwamba kabla hujazungusha mpini jiulize: unamwinua nani, unamshusha nani? Mara mia unamsaidia mmoja kwa kumtesa mwenzake. Mara moja moja Mungu anakupa kitanda ambacho dawa ya huyu ndiyo dawa ya yule.

Kichwa cha huyu, miguu ya yule.

Alibonyeza kitufe. Kitanda kikanguruma, na upande wa miguu ukainuka polepole. Miguu ya Bwana Mpira ikapanda hewani. Nesi aliacha kiganja chake palepale, juu ya blanketi, kikipanda pamoja na godoro.

Skrini: themanini na nne. Tisini. Tisini na sita.

Na chini ya kiganja, pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Kisha nyingine. Alihesabu dakika nzima, akikaza midomo isisogee. Ishirini na nne. Zinaingia hadi chini.

Alichukua chati. Mstari wa kwanza akaujaza, namba kwa namba. Kalamu ikafika mstari wa pili ikasimama. Kanuni ya Baraza inasema mistari iliyobaki ipigwe kistari, mtu asije akaongeza kitu baadaye. Mtahini alikuwa akiangalia. Nesi aliuacha mstari wa pili kama ulivyo, mweupe, wazi, akaweka sahihi chini yake.

Saa ikalia.

"Kwa nini umeinua miguu?" aliuliza mama mwenye mvi, akisoma swali kutoka kwenye karatasi.

"Damu irudi moyoni, presha ipande, wakati nasubiri daktari."

Kalamu ikaweka alama. Kisha yule mama akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, maana macho yake hayakushuka.

"Kulikuwa na sababu nyingine?"

Nesi aliyafikiria mengi kwa mara moja: tarehe thelathini, mgongo wa mumewe, ule ukurasa alioutia kwenye mfuko wa nguo. Angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno dogo, na tayari alikwisha kuuza jingine kubwa zaidi, mazoea.

"Ilikuwepo," alisema. "Na imesaidia."

Mama mwenye mvi hakutikisa kichwa. Aliandika muda mrefu, akapunguza alama moja kwa ule mstari ambao haukupigwa kistari, akajumlisha, akageuza karatasi ili Nesi aone. Themanini na saba. Akagonga muhuri, akachana kipande cha chini, akampa. Namba ya usajili ingemfikia kwa barua, alisema, lakini kwa tarehe ya leo yeye ni muuguzi.

Nje kwenye korido mume alikuwa amesimama na Kidoti mabegani, rangi ya jana bado masikioni. Nesi alimwonyesha kile kipande cha karatasi. Mume hakupiga kelele. Alikaa tu chini, palepale sakafuni, mtoto akiwa bado mabegani, akaegemeza kichwa kwenye sketi ya mkewe, na Kidoti kutoka huko juu akauliza kama baba ameanguka.

Walipofika kwenye lifti ndipo Nesi alipokumbuka kitambulisho. Alikiacha kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Akawaambia wamsubiri, akarudi.

Mlango wa chumba ulikuwa nusu wazi. Fundi alikuwa ametoka nyuma ya kioo kuandaa chumba kwa mtahiniwa mwingine. Alishamnyoosha Bwana Mpira mikono, akafuta jasho lake la mashine, sasa alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kushushia kitanda.

"Kiache," alisema mama mwenye mvi.

Fundi aliuliza kwa nini, mtahiniwa wa pili yuko nje. Yule mama alikuwa amesimama upande wa miguu, mgongo wake kwa mlango. Ubao wake wa kuandikia aliuweka juu ya toroli. Kiganja chake kilikuwa juu ya blanketi, pale ambapo godoro linabaki wazi, na mkono wa pili ulikuwa umeinuliwa mbele ya uso, saa ikitazama juu. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Nesi alisimama kizingitini. Alikuwa na haja ya kitambulisho chake, na mume na mtoto walikuwa wakisubiri, lakini hakubisha wala hakukohoa. Mtu anayehesabu pumzi hasemeshwi. Akatulia hapo, kile kipande cha karatasi mkononi, akasubiri dakika itimie.